Pink Lady: gin, ute wa yai na mchezo wa Broadway uliosahaulika

Pink Lady ni kokteli kali. Naanza na hilo makusudi kwa sababu watu wengi wakisikia jina, alafu wakaiona ilivyo, ya waridi na povu jeupe juu, wanamaliza kesi hapo hapo, wanasema hii ni ya mabinti, ni juisi tu iliyotiwa pombe kidogo. Sio kweli. Ikitengenezwa inavyotakiwa ina gin, ina brandi ya tufaha, ina limau la kukukunja uso, na utamu umewekwa wa kusawazisha tu basi. Sasa imekuaje kinywaji cha namna hii kikadharauliwa miaka mingi hivyo, na kwa nini ukitafuta resipi yake unakutana na nne tano ambazo hazifanani kabisa na zote zinaitwa jina moja, hapo ndo pana mkanganyiko na ndo nataka tuufungue, na inabidi tuanzie thieta maana jina limetoka huko.

Tarehe 13 Machi 1911 ukumbi wa New Amsterdam, mtaa wa 42 huko Broadway, eneo la mathieta jijini New York, ulifungua mchezo wa muziki unaoitwa The Pink Lady. Muziki wake uliandikwa na Ivan Caryll, Mbelgiji wa Liège ambaye jina lake la kuzaliwa ni Félix Tilkin na ambaye alikuwa ameshajijengea jina London, na maneno yaliandikwa na C. M. S. McLellan aliyechukua kisa kutoka kwenye komedi moja ya Kifaransa. Kisa ni vurugu tupu. Kijana anaitwa Lucien anakaribia kuoa, kabla hajafunga ndoa anataka atoke mara ya mwisho na kimwana wake wa zamani, Claudine, ambaye Paris nzima inamjua kwa nguo zake za waridi, wanaenda kula mgahawani huko msitu wa Compiègne wakidhani hawataonekana, kumbe mchumba naye yuko huko huko. Basi ikabidi Lucien adanganye kuwa Claudine ni mke wa mzee muuza vitu vya kale, na kuanzia hapo ni uongo juu ya uongo mpaka pazia linafungwa.

Aliyecheza Claudine ni Hazel Dawn, binti wa Ogden, Utah, ambaye alikuwa hajulikani na baada ya usiku ule akajulikana. Kilichowamaliza watu ni kwamba alikuwa anaimba na anapiga fidla mwenyewe, yupo pale jukwaani kwenye gauni la waridi, fidla shingoni, wolsi (waltz) ya Caryll inazunguka ukumbi mzima, na kweli wimbo ule uliuza nakala za noti za muziki kila mahali. Mchezo ukaonyeshwa mara 312, na mwaka 1912 ukavuka mpaka London akiwemo Hazel mwenyewe, na jina la Pink Lady likamganda maisha yake yote. Ukumbi wenyewe bado upo, ulichakaa sana ukaja kufufuliwa na Disney mwaka 1997, na mchezo uliohamia pale ukakaa mpaka 2006 ni The Lion King, kwahiyo jukwaa alilosimama Hazel Dawn na fidla yake ndo lile lile walilokuja kusimama Simba, Rafiki na Pumbaa. Napenda sana hiyo.

Sasa mchezo unageukaje kuwa kinywaji? Kwa New York ya enzi zile hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mchezo ukishika, kila mfanyabiashara alichukua jina lake, wauza kofia, wauza viatu, wauza sigara, na mabartenda nao hawakubaki nyuma, maana watu wakitoka thieta saa nne saa tano usiku wanataka kukaa mahali waendelee na stori, na mabaa ya mahoteli yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, hoteli ya Knickerbocker kwa mfano ilikuwa kona ya Broadway na mtaa huo huo wa 42. Ilianza mapema. Adonis ni mchezo wa 1884 na ni kokteli ya sheri (divai kali ya Hispania) na vamuthi tamu (divai iliyotiwa mitishamba). Rob Roy ni opereta, yaani opera nyepesi, ya 1894 ya Reginald De Koven na ni wiski ya Scotland na vamuthi, hiyo mpaka leo inaagizwa kila siku na wanaoiagiza wengi hawajui kama kulikuwa na opereta. Florodora ilifika New York 1900 na ikaacha kinywaji cha gin, ndimu, rasiberi na soda ya tangawizi. Alafu kuna The Merry Widow ya Franz Lehár, ambayo New York ilifunguliwa Oktoba 1907 wapi, New Amsterdam hapo hapo, na yenyewe ikawa kokteli ya gin, vamuthi kavu, na matone ya Bénédictine na absinthe, pombe mbili za mitishamba. Yaani ukumbi mmoja ndani ya miaka minne umetoa kokteli mbili za gin, ila hizi mbili hazifanani hata kidogo kwenye glasi, moja ni kavu ya mitishamba, nyingine ni chachu yenye povu, kwa sababu mchezo haukutoa mchanganyiko, ulitoa jina, na bartenda ndo aliamua jina alivishe nini.

Na hapa ndo fundo la kwanza linafunguka. Mchanganyiko wa Pink Lady haukushuka kutoka mbinguni mwaka 1911. Tayari kulikuwa na vinywaji viwili maarufu vya rangi ile ile. Kimoja ni Clover Club, cha hoteli ya Bellevue-Stratford kule Philadelphia, kilichopewa jina la klabu ya waandishi wa habari, mawakili na wafanyabiashara waliokuwa wanakutana pale: gin, limau, sirapu ya rasiberi na ute wa yai. Cha pili ni Jack Rose: applejack, limau na grenadini, ile sirapu nyekundu ya komamanga. Applejack ni brandi ya tufaha ya Kimarekani, kinywaji cha wakulima wa New Jersey toka enzi za ukoloni, na familia ya Laird bado wanaitengeneza mpaka leo. Sasa chukua hizo mbili uzikutanishe, gin na ute wa yai kutoka Clover Club, applejack na grenadini kutoka Jack Rose, limau wanalo wote, na hapo umepata Pink Lady. Jina jipya la mjini likavishwa ndoa ya vinywaji viwili ambavyo kila bartenda mzuri alikuwa anavijua kwa moyo.

Ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini mi nasema ni kokteli kali. Mama yake na baba yake wote ni wa familia ya sour, yaani chachu, ile familia kubwa ya vinywaji inayosimama kwa miguu mitatu, pombe, uchachu na utamu, na ukikata mguu mmoja kinaanguka. Gin inaleta ule ukavu wa mreteni (juniper, tunda dogo linaloipa gin ladha yake), harufu ya mti na maganda ya chungwa. Applejack haiwekwi nyingi, ni kama robo ya pombe yote, ila ndo inayoipa gin mwili, unasikia tufaha kwa mbali na mbao za pipa, bila yake gin inabaki nyembamba imesimama peke yake na sukari. Limau linakata. Grenadini inatamisha na kupaka rangi. Watu wanaiacha applejack wakidhani ni mapambo, na hapo wanaishia kunywa kitu kingine kabisa.

Ute wa yai ndo unaowatisha watu kuliko vyote kwahiyo tukae hapo kidogo. Hauongezi ladha, hauleti harufu ya yai kama yai ni bichi kweli na halijakaa, kazi yake ni mdomoni. Ndani ya ute kuna protini zilizojikunja, ukizisheki kwa nguvu zinakunjuka na kushikana na kuzungukia vipovu vya hewa, na uchachu wa limau unalisaidia povu lisianguke haraka, matokeo yake kinywaji kile kile ambacho kingekuwa na makali ya kuchoma kinapita laini kama hariri. Kwa hiyo ute unayatuliza makali bila kuongeza sukari hata chembe, na hiyo ndo akili yenyewe ya kuuweka. Tahadhari ni moja, yai bichi linaweza kuwa na salmonella na pombe ya kwenye glasi pamoja na limau haviui bakteria kwa uhakika, tumia mayai ya siku hiyo yasiyo na ufa au ute uliopasteurishwa, yaani uliopashwa joto kuua vijidudu, na kama kinga yako ya mwili iko chini tumia huo uliopasteurishwa au usiweke yai kabisa.

Haya, sasa zile resipi nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 vitabu vya mabartenda wa Marekani vinaonyesha Pink Lady yenye gin, applejack, uchachu na grenadini, ile ninayoitetea. Alafu ukifungua kitabu cha hoteli ya Savoy ya London cha 1930, kilichokusanywa na Harry Craddock, unakuta Pink Lady ni glasi moja ya gin ya Plymouth, kijiko kimoja kikubwa cha grenadini na ute wa yai moja, imekwisha. Applejack hakuna na limau hakuna. Mi namheshimu sana Craddock na kitabu kile kimeokoa vinywaji vingi mno visipotee, ila kwa hiki kimoja kilitoka na mguu mmoja umekatwa, gin na sukari na povu bila kitu cha kukata, na kwa kuwa kitabu kilienda dunia nzima, mabartenda wengi wakajifunzia hapo. Baadae ikaja ya tatu, wakaongeza krimu ya maziwa, ikawa nzito ya rangi kama aiskrimu ya stroberi. Krimu na limau havikai pamoja, maziwa yanaganda, kwahiyo ukitaka krimu lazima umtoe limau, na limau akitoka ni dezati. Ndo hizo nne tano unazoziona mtandaoni, sio kwamba kuna mtu kakosea kuandika, ni kinywaji kimoja kilichopoteza kiungo kimoja kimoja njiani.

Kilipotezea wapi? Sehemu kubwa ni marufuku ya pombe ya Marekani, kuanzia Januari 1920 mpaka 5 Desemba 1933. Gin ndo ilikuwa pombe rahisi kuliko zote kwa watu wa magendo kwa sababu haihitaji kukaa kwenye pipa miaka, unachukua spiriti, unatia mafuta ya mreteni na maji, jioni inauzwa. Spiriti yenyewe mara nyingi ilikuwa ya viwandani iliyotiwa sumu makusudi ili isinyweke, alafu wahuni wanajaribu kuitoa sumu tena, na watu walipofuka na kufa, wanaojua habari za gongo na chang'aa iliyochakachuliwa hawahitaji kuelezwa zaidi. Sasa ukiwa na gin ya namna hiyo, inayonuka na kuchoma, utaificha na nini? Sukari nyingi, yai, krimu. Vinywaji vya sukari na mafuta vilishamiri si kwa sababu watu walikuwa wajinga wa ladha bali vilikuwa ndo njia ya kuimeza pombe mbovu, na Pink Lady yenye grenadini nyingi ilifaa sana kazi hiyo. Mabartenda wenye ufundi wao nao walitawanyika, wengine wakaenda London, Paris na Havana, wengine wakabadili kazi kabisa.

Grenadini nayo ina kesi yake. Neno hilo ni komamanga, na zamani grenadini nzuri ilikuwa sirapu ya komamanga kweli, chachu kidogo, yenye ule ukakasi wa kukaza ulimi. Chupa nyingi unazonunua leo supamaketi ni sirapu ya sukari au ya mahindi, asidi ya sitriki na rangi nyekundu, tunda halijagusa. Mtu akitengeneza Pink Lady ya Savoy isiyo na limau, akatumia na hiyo sirapu ya rangi, kwa kweli anakunywa gin na peremende, na akisema kokteli hii ni ya hovyo mi simlaumu, kwa aliyopewa yuko sahihi.

Alafu ikaja dharau ya wazi. Mwaka 1934, marufuku imeondolewa mwaka tu umepita, jarida la Esquire ambalo liliandikwa kwa ajili ya wanaume lilitoa orodha ya kokteli kumi mbaya kuliko zote za muongo uliopita, na Pink Lady ikawemo, kokteli nyingine iitwayo Alexander ikawemo, na Clover Club pia. Angalia hapo vizuri. Clover Club, kinywaji cha mawakili na waandishi wa habari wa Philadelphia, wanaume wenye ndevu na sigara, waliokinywa miaka na miaka hakuna aliyewauliza kuhusu rangi. Kinywaji hakikubadilika, macho ya kukitazama ndo yalibadilika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa haijaamua waridi ni ya nani, kuna jarida la wauza nguo za watoto la 1918 ambalo liliwashauri wazazi waridi iwe ya wavulana na buluu ya wasichana, lakini miaka iliyofuata mgawanyo ukaja ukakaza upande huu tunaoujua, na kokteli yenye neno lady (bibi) kwenye jina na rangi ya waridi kwenye glasi haikuwa na pa kujificha. Ikawa ni ya wanawake, na kwa fikra za wakati ule kuwa ya wanawake maana yake sio kitu cha kuchukulia siriazi. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana hukumu ilitolewa kwa rangi, na ladha hakuna aliyeiuliza. Na wanawake wenyewe waliokuwa wanaiagiza kwenye baa walikuwa wanakunywa vipimo viwili vya pombe kali na limau, sasa wepesi uko wapi hapo?

Kurudi kwake kumeanza miaka ya 2000 pale mabartenda na watafiti walipoanza kufukua vitabu vya kabla ya 1920 na kutengeneza vinywaji kama vilivyoandikwa, mmoja wao ni Ted Haigh, aliyeisemea sana hii Pink Lady ya applejack. Walichofanya ni kurudisha kila kilichoondoka njiani, limau likarudi, applejack ikarudi, grenadini ya komamanga ikarudi, na kinywaji kikasimama.

Tuje kwenye kuitengeneza sasa. Anza na grenadini kwa sababu ndo itakayoamua. Watu wa pwani na wa Oman komamanga tunalo na tunalijua, chukua mawili matatu yaliyoiva, kamua punje upate juisi, ichuje, alafu pima sukari sawa kwa sawa na juisi, weka kwenye moto mdogo ukoroge mpaka sukari iyeyuke, usiiache ichemke kwa nguvu maana ile harufu ya tunda bichi inaondoka na unabaki na kitu kama jemu. Ikipoa tia kwenye chupa safi, friji, itumie ndani ya wiki mbili tatu. Rangi yake haitakuwa nyekundu ya kuwaka kama ya dukani, ni ya damu ya mzee iliyotulia, na kwenye kokteli inatoa waridi ya kufifia. Usiogope, hiyo ndo rangi yake.

Vipimo ninavyovisimamia ni gin mililita 45, applejack 15, maji ya limau yaliyokamuliwa sasa hivi 20, grenadini 12 hivi, na ute wa yai moja dogo. Gin iwe ile kavu ya London au Plymouth, Konyagi haitakaa vizuri hapa kwa sababu mreteni hausikiki inavyotakiwa. Applejack kwetu ni shida kuipata, Calvados ya Ufaransa inafanya kazi hiyo vizuri tu, ni brandi ya tufaha pia, na ukipata ya Laird's angalia chupa, ile ya kawaida ni mchanganyiko wa brandi ya tufaha na spiriti ya nafaka, ile ya asilimia 50 ndo tufaha tupu na inasikika zaidi. Limau hapa nimesema limau, ndimu inawezekana ila ni kali zaidi na ina harufu inayopigana na tufaha, ukilazimika kuitumia punguza kidogo.

Weka vyote kwenye sheka bila barafu kwanza. Sheki kwa nguvu sekunde kama 15, shika kifuniko imara maana bila baridi hewa ya ndani inakisukuma, hapo unakunjua zile protini. Fungua, tia barafu kubwa kubwa ujaze, sheki tena mpaka chombo kiume vidole, hapo unapooza na kuongeza maji kidogo ambayo kinywaji kinayahitaji. Chuja mara mbili, na chujio la chai kwa chini, ili vipande vya barafu visiharibu povu, kwenye glasi pana ya mguu iliyotoka friza. Iache nusu dakika. Utaona povu linapanda na kujitenga, jeupe juu, waridi chini, kwenye mstari uliokaa sawa. Kama hutumii mayai, maji ya dengu (chickpeas) za kopo mililita 20 yanatoa povu la kutosha, laini kidogo pungufu lakini linasimama.

Kama una muda tengeneza mbili kwa wakati mmoja, moja hivyo nilivyosema, nyingine ya gin peke yake mililita 60 bila applejack, kila kitu kingine kiwe kile kile. Onja ya gin peke yake kwanza. Ni nzuri, ni safi, inaisha haraka mdomoni. Alafu onja ya tufaha, utaona inavyokaa ulimini baada ya kumeza, ule ukavu wa pipa ukikutana na ukakasi wa komamanga.